Yule muuza magodoro kaniitia mizani mbele ya watu. MIZANI!

Mama Watatu:

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, herufi zikipishana mtanisamehe. Yule muuza magodoro, sina haja ya kumtaja maana nyote mnamjua, yule anayejirekodi akirukaruka juu ya godoro na viatu vyake, leo kaniitia mizani. Mizani jamani. Ile ya kupimia viazi.

Nilinunua kwake godoro la lateksi, tano kwa sita, inchi nane, milioni na ushee. Alinihubiria nikakaribia kuokoka: mpira asilia, utomvu wa mti, halibonyei, halipigi joto, utarithisha wajukuu. Nikaitoa sponji yangu ya zamani nje, nikajiona na mimi nimeingia mjini.

Masika hayajaisha, godoro limezama katikati. Na si kuzama kwa kawaida. Baba watoto akilala upande wake, mimi nabingirika mpaka kwake bila mapenzi yoyote. Usiku nikitaka maji napanda mlima ndani ya kitanda changu mwenyewe. Juzi simu imedondokea bondeni kule, ikawa inaita, tunaisikia, hatuioni.

Basi leo nikaenda dukani, kistaarabu kabisa, dera jipya, risiti mkononi. Duka limejaa. Kuna kaka na mchumba wake wanajaribu sita kwa sita huku wanachekeana, kuna mashangazi wawili wanabonyezabonyeza mito. Nikamweleza shida yangu. Hakuuliza risiti. Hakuuliza nalilaza juu ya kitanda gani. Alinitazama kutoka kandambili mpaka kilemba, akashuka tena taratibu, akasema: "Kwani anti, una kilo ngapi?" Nikadhani sijasikia vizuri. Akamgeukia kijana wa stoo: "Wewe, leta mizani."

LETA MIZANI.

Na kijana akaileta! Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa na utu angejifanya haioni ilipo. Akaiburuta sakafuni duka zima linageuka, akaipangusa vumbi na kitambaa, akaniwekea miguuni. Yule binti mchumba akaangalia pembeni kunionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. Shangazi mmoja naye: "Panda tu mwanangu, ujue moja." Nijue moja ipi? Nimekuja kudai godoro!

Sikupanda. Nimeondoka bila kuaga. Sasa nauliza, ni wapi kwenye lile godoro pameandikwa kilo za mlalaji? Nani aliyewahi kununua kitanda akapimwa? Leta mizani! Hapa nipo kwenye daladala, konda akisema "sogea ndani mama" naona naye kashapigiwa simu.

Mods, msiuunganishe huu uzi na ule wa mafriji.

Kiboko ya Kunguni:
Pole sana dada yangu, huo ni udhalilishaji. Sasa ulipata ngapi?

Mama Watatu:
Nimeandika SIKUPANDA.

Kiboko ya Kunguni:
Sawa, sawa. Kwa makadirio tu.

Nasoma Kimya:
Bila picha uzi haujakamilika. Picha ya godoro, si yako.

Afisa Mstaafu:
Mleta mada umeruka jambo la msingi. Mizani hiyo ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo? Mizani ya biashara inatakiwa ihakikiwe. Kama haina stika, hata ungepanda, kipimo kile kingekuwa batili mbele ya sheria.

Mama Watatu:
Shikamoo mzee wangu. Stika niione wapi, mimi niliona giza.

Afisa Mstaafu:
Marahaba. Siku nyingine uangalie.

Mama Watatu:
Siku nyingine?? Kwani nitaitiwa tena?

Mgema wa Muheza:
Dada, mizani ilikuwa mkombozi wako na umeikimbia. Ungesema "haya, lipandisheni godoro moja hapa".

Nimekulia jirani na shamba la mpira la Kihuhwi, utomvu naujua tangu unachuruzika kwenye kikombe alfajiri. Ukiachwa unaganda, ndiyo maana wa kusafirishwa ukiwa majimaji hutiwa amonia. Kiwandani unaumuliwa povu, unamiminwa kwenye kalibu, unapikwa na salfa. Kinachotoka pale ni kizito balaa. Lateksi ya maana inacheza kilo 65 hadi 80 kwa mita ya ujazo. Tano kwa sita ya inchi nane ni zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo, kwa hiyo godoro zima halipungui kilo 35. Sponji nyepesi ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, kwa saizi hiyohiyo, haifikishi 15.

Swali moja tu: lilifikaje nyumbani?

Mama Watatu:
Kijana alilileta kwa bodaboda. Alilishusha kwa mkono mmoja. Mkono mwingine alikuwa anaongea na simu.

Mtoto wa Keko:
Wenzio hupigwa na kitu kizito. Wewe dada umepigwa na kitu chepesi 😂😂😂

Kiboko ya Kunguni:
😂😂 Nimemwaga chai. Uzi ufungwe.

Mgema wa Muheza:
Ukifika nyumbani fungua zipu ya kava.

Mpita Njia:
Mimi nilinunua kwa huyohuyo bwana, godoro liko vizuri na huduma safi. Tatizo letu tunapenda kuwachafua wafanyabiashara wanaojituma.

Nasoma Kimya:
Umejiunga leo saa saba mchana, huu ndio mchango wako wa kwanza. Karibu jukwaani bosi, viatu vua.

Mama Watatu:
Wakuu nimefika, nimefungua zipu. Mungu anawaona. Juu kuna tabaka jeupe la maziwa, lina vitundu vidogovidogo vimejipanga mstari, unene wake kidole gumba changu nikikilaza. Chini yake gundi iliyokauka, hudhurungi, imepakwa kwa mistari kama aliyeipaka kachelewa harusi. Chini ya gundi ni sponji ya njano mpaka kwenye chaga. Nikiibonyeza ngumi inabaki na alama, inafikiria kwanza ndiyo irudi.

Milioni na ushee kwa kidole gumba! Na huyuhuyu ndiye anayesimama mbele ya mashangazi anasema leta mizani. Apimwe yeye!

Mchumi wa Mtaa:
Vitundu visikutishe, lateksi karibu zote zinavyo. Ni alama za vijiti vya kalibu, vinapeleka joto ndani wakati wa kupika. Ila msimwaminishe dada kwamba uzito ndio kila kitu. Kuna magodoro ya vipande vya sponji vilivyosagwa vikagandishwa na gundi, ukilipandisha mizani linafika huko kwenye lateksi na bado si lateksi. Na hata mpira wenyewe upo wa mti na upo wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, na mara nyingi huchanganywa. Uliza asilimia, angalia tabaka kwa macho kabla ya kulipa. Akikataa kufungua zipu, ondoka.

Kudai, nenda Tume ya Ushindani na ile risiti.

Mama Watatu:
Asante kaka. Risiti imeandikwa "godoro 1".

Mchumi wa Mtaa:
Haijaandikwa lateksi?

Mama Watatu:
"Godoro 1. Ahsante karibu tena." Tena!

Bi Mkubwa wa Chumbageni:
Afadhali wewe la kwako feki. Mimi la kwangu lilikuwa la kweli, vijana wawili walilipandisha ghorofani wakitukana kila ngazi. Nikapata usingizi nikasahau mgongo. Akaja mama mkwe kutusalimia. Natoka kazini nakuta godoro langu liko uani juu ya mkeka, limeota jua tangu asubuhi, kava limevuliwa na kufuliwa, godoro lenyewe uchi! Na akaendelea hivyo muda wote aliokaa, kila nikitoka yeye anatoa. Lateksi haianikwi juani, jua linaula mpira. Sasa hivi juu limekuwa njano, ukingo ukiugusa unamomonyoka, nafagia unga chini ya kitanda kila Jumamosi.

Nikamweleza kwa adabu zote. Akanijibu: "Sisi tulianika magodoro ya sufi, na mumeo nilimzaa juu yake." Haya, nijibu nini hapo?

Dada wa Tegeta:
Usijibu. Na mume alisemaje?

Bi Mkubwa wa Chumbageni:
"Mama hakujua."

Dada wa Tegeta:
Wanaume wote wamefunzwa darasa moja. Wangu mimi kakataa kutoa nailoni! Godoro lina nailoni ya dukani mpaka leo, eti likichafuka thamani inashuka. Anataka kumuuzia nani? Nikijigeuza tu, kwacha kwacha kwacha, watoto chumba cha pili wanaamka. Joto la Januari la Dar naamka nimeiva upande mmoja. Tulilipia lateksi kwa sababu inapumua, halafu tumeifunga pumzi.

Mgema wa Muheza:
Mwambie unyevu ukinaswa ndani ya nailoni unaleta ukungu. Anunue kava la kinga la pamba, hilo linafuliwa. Lateksi yenyewe hailoweshwi, likikojolewa unafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo unaacha upepo umalizie, kivulini.

Dada wa Tegeta:
Nimemsomea. Anasema huyo mgema aje alilipie yeye.

Mama Watatu:
Jamani tusitoke kwenye mada. Mtu kaitiwa mizani.

Msafi wa Temeke:
Mnalia magodoro, shuka je? Shuka zote sokoni zimekatwa kwa godoro la inchi sita. Mimi langu inchi kumi. Nikivuta kona ya kichwani, ya miguuni inafyatuka. Saa nane usiku tumelala juu ya godoro tupu, shuka imetukusanya sote katikati. Nikanunua zile zilizoandikwa pamba asilimia mia, ni polista tupu, zinateleza, mtoto kaenda mpaka sakafuni bila kuamka.

Kiboko ya Kunguni:
Nunua vitambaa vya pamba kwa mita, mpe fundi wa mtaani akukatie kina unachotaka, atie lastiki kuzunguka yote, si kwenye kona tu. Huo ndio mwisho wa matatizo.

Msafi wa Temeke:
Fundi wa mtaani ndiye huyu anayenishonea sare za watoto tangu shule zifunguliwe?

Nasoma Kimya:
Na mito ya lateksi je, kuna aliyejaribu? Yangu inanirusha. Nikilaza kichwa inanirudisha, tunashindana mpaka alfajiri.

Bi Mkubwa wa Chumbageni:
Rudi kwenye sufi. Unashona foronya ngumu, unajaza mwenyewe kiasi unachotaka. Mama mkwe hapo peke yake yuko sahihi.

Mtoto wa Keko:
Nyote mnalaumu magodoro, chaga hamzitazami. Mtu kanunua godoro la milioni anaweka juu ya chaga saba za mbao ya msindano, zimeachana kuku anapita. Lateksi ni nzito na laini, inazamia kwenye nafasi. Chaga na chaga zisizidi inchi tatu, na katikati uweke mguu. Mleta mada, chaga zako zipo ngapi?

Mama Watatu:
Usinihamishie lawama kaka. Leo kila mtu ananihesabia vyangu. Kilo, chaga, kesho mtauliza meno. Suala ni MIZANI!

Mtoto wa Keko:
Sawa, lakini zipo ngapi?

Kisiki cha Mvule:
Mimi sina shida na chaga, shida ni kitanda chenyewe. Nimeagiza cha mninga, kimekuja chekundu kizuri, mwezi mmoja rangi imebaki kwenye shuka.

Afisa Mstaafu:
Huo si mninga. Mninga hautoi rangi namna hiyo. Hapo umeuziwa mbao yoyote ikapakwa vanishi ya mninga.

Kisiki cha Mvule:
Mzee shikamoo. Bora ningechukua mkongo?

Afisa Mstaafu:
Marahaba. Mkongo ni mgumu, unadumu, ila ukifanyiwa kazi mbichi unapasuka. Muulize fundi mbao imekaushwa wapi.

Kisiki cha Mvule:
Fundi mwenyewe simpati, simu inaita tu. Na kuna kabati nimeshamtangulizia hela, kila nikienda naambiwa njoo Jumamosi. Yuko hukohuko Keko.

Mtoto wa Keko:
Fundi yupi? Mrefu, ana kofia ya bluu, anapenda kusema "hesabu iko palepale"?

Kisiki cha Mvule:
Huyohuyo!! Unamjua?

Mtoto wa Keko:
Ukimpata nistue haraka. Ana randa yangu.