Kuishi jirani na soko la mbao Mombasa: tupeane uzoefu

Wenzangu, ninakoishi Changamwe tumepakana ukuta na yadi za mbao. Siombi zifungwe. Vijana wengi wa mtaa wanakula hapo: wapakuzi, wavuta mikokoteni, maseremala, mpaka mama wa mahamri na mbaazi. Lakini mashine ya kuranda ikiwashwa, ndani hatusikilizani. Nguo unaanika safi, unaanua zina unga wa manjano. Kaskazi ikivuma, vumbi lote ni letu, na mwanangu ana pumu. Masika ikifika, maranda yanaziba mtaro na maji yanaingia vyumbani. Mlio jirani na yadi, na mnaofanya kazi ndani, nyinyi mnafanyaje?

Fundi wa Makupa
Pole sana kwa mtoto. Mimi ni seremala, na naomba wenzangu wa kazi walichukulie jambo hili kwa uzito. Mbao laini kama saiprasi zina vumbi, lakini ngumu zinatesa zaidi. Ukipasua mvule, pua inawaka, ngozi inawasha, unapiga chafya mpaka jioni. Wataalamu wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliliweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, hasa ya pua. Vijana wetu wanajifunga leso, na leso haizuii lile vumbi laini. Kwangu sakafu inanyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, na upande wa majirani nimeteremsha turubai hadi chini. Haimalizi tatizo, ila majirani wamepumua kidogo.

Mama wa Jomvu
Nizungumzie kuni. Huku kwetu mabanzi ya yadi ndiyo moto wa wengi, kwa sababu makaa yamepanda bei. Tazama kipande kabla hujakitia jikoni. Kikiwa na rangi ya kijani kijani iliyozama ndani, kama zile nguzo za mikaratusi, kimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Ukikichoma, sumu inabaki kwenye jivu na nyingine unaivuta kwa moshi. Na jivu hilo ndilo watu wanalosugulia sufuria! Nilipoliona kwa jirani yangu anayepika maandazi nilimwambia palepale, naye akaacha. Wenye yadi wangetenga vipande hivyo pembeni, wasiviuze pamoja na kuni. Wao ndio wanaojua kipi kina dawa.

Mvuvi wa Mikindani
Nyinyi mnaona soko, sisi tunaona mbao zinakotoka. Nyumba za Mji wa Kale zimeezekwa kwa boriti za mikoko, nyingi zikija kwa majahazi kutoka Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya. Serikali iliposimamisha ukataji miti Februari 2018, wakataji wa Lamu walikosa riziki, na haja ya fito na nguzo haikuisha. Hapa kwenye hori ya Tudor tunakuta visiki vibichi asubuhi. Watu wanadhani mti utarudi. Mikoko ina aina zake: mchu ukikatwa huchipua, lakini ile aina iitwayo mkoko wenyewe ukishakatwa shina, basi, kisiki kinaoza. Inabidi uokote mche uliodondoka, uuchomeke kwenye tope, usubiri miaka. Pale palipobaki wazi kaa wamepungua na kamba hatupati kama zamani. Inaniuma, kwa sababu anayekata mara nyingi ni mtoto wa hapa hapa, na mnunuzi haulizi fito imetoka wapi.

Mchongaji
Naunga mkono. Sisi wa vinyago tulimaliza mihugu na mipingo ya karibu, sasa wengi tunachonga mwarobaini. Unakua haraka na watu wanaupanda majumbani.

Jirani wa Likoni
Kuhusu kelele, kuna kanuni za 2009 chini ya sheria ya mazingira. Andikeni malalamiko kwa pamoja, saini za mtaa mzima, mpeleke NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Mtu mmoja atazungushwa.

Mwanzisha mada
Ahsanteni mno. La turubai nitalipeleka kwa mwenye yadi wiki hii, na la saini tunaanza Jumapili. Swali moja limebaki: maranda yanayoziba mtaro, nani anayachukua kwa wingi?

Mfugaji wa Kisauni
Sisi tunayatandika kwenye mabanda ya kuku, tunakuja na magunia yetu. Ila mwambie mwenye yadi asichanganye na ya mbao zenye dawa. Hayo hatuchukui.