Eti mguu wangu ndio mlaini!

Jamani nimefura, leo mtu asinisogelee. Kuna fundi hapa Mombasa, nyote mnamjua, simtaji, yule avaaye miwani ya jua hata akilala chini ya gari. Mwanamume yule leo ameniambia, mbele ya vijana wake, mbele ya muuza kahawa, mbele ya tuktuk nzima ya abiria: "Mama, breki haina neno. Mguu wako ndio mlaini."

Mguu wangu! Mguu huu umeikanyaga gari ile tangu ikiwa bado ina rangi!

Nilimpelekea kalipa za mbele, zile zinazobana diski ya breki, zimekwama. Akaniuzia za mtumba, akaapa zimeshuka melini juzi. Haya, nikalipa, nikatoka. Kugusa pedali, wallahi kama nakanyaga haluwa. Inateremka mpaka kwenye zulia, nipampu tena na tena ndipo ipande. Na mimi nyumbani kwangu Likoni, kwa hivyo lazima feri. Mnaujua ule mteremko wa kuingilia. Mbele yangu lori la saruji, mbele ya lori bahari. Nimepampu mpaka askari wa feri akadhani nacheza chakacha humo ndani. Shahada nimeshaipiga, wosia nimeshaugawa, kabati nimemwachia wifi ambaye hata sipendani naye.

Nikageuza, nikamrudia. Jeki hakuleta, gurudumu hakufungua. Aliingiza mguu tu, akapampu, akasema, "Si hii imeshika?" Imeshika kwa kuwa umeipampu, ewe! Ndipo akanitolea lile neno. Mguu mlaini. Na muuza kahawa akacheka, yule yule ninayemwachia chenji kila asubuhi!

Kisha akataka pesa ya "kuangalia". Aliangalia nini? Mguu?

Kasuku wa Tudor: Nimesoma yote mpaka mwisho. Swali langu ni moja tu: ni mlaini kweli?

Mpwani Halisi: Wa miwani huyo? Mimi klachi ilikuwa inanuka, akanambia labda nimekula vitunguu.

Bi Shamba: Mwenzangu, wewe umetukanwa mguu tu. Mimi wangu wa Kongowea alijaza oili ya giaboksi kwenye kopo la breki. Raba zote zikavimba, breki zikashika zenyewe daraja la Nyali saa ya watu kutoka kazini. Nimetukanwa kwa lugha ambazo sijawahi kuzisikia.

Mguu Mzito: Tia mafuta ya breki ya DOT 5, hiyo ndiyo kali. Nambari ikipanda na breki inapanda.

Spana 14: Wewe Mguu Mzito utaua watu. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4. Soma kifuniko cha kopo, kimeandikwa kinachotakiwa.

Mama, achana na hawa. Washa injini, gari imesimama, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida uishikilie. Ikizama polepole chini ya mguu na hakuna kinachovuja, raba za masta silinda, ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki, zimekwisha. Ikisimama, lakini kila ukiachia na kukanyaga upya iko chini mpaka uipampu, basi kuna hewa, au breki shuu za nyuma zinataka kukazwa. Mafuta ya breki kwenye kopo yako vipi?

Mwenye uzi: Kopo limejaa, nimezunguka magurudumu yote manne, hapana tone. Nikiishikilia haizami. Nyuma sikuwa na shida kabla ya kumpa mwenye miwani. Na bado namsikia masikioni, "mguu wako ndio mlaini". Mshenzi!

Spana 14: Kalipa amezifungua majuzi, sivyo? Kata usukani, chungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Ile nipli ya kutolea hewa iko juu ya kalipa au chini?

Mwenye uzi: Chini. Zote mbili.

Spana 14: Basi ya kulia amefunga kushoto na ya kushoto kulia. Hewa hukaa juu. Nipli ikiwa chini atatoa mafuta debe zima na hewa imejibanza pale pale juu inamcheka. Zihamishwe, kila moja upande wake, kisha zitolewe hewa upya. Mmoja akanyage na kushikilia, mwengine afungue nipli, aifunge KABLA mguu haujainuka. Gari nyingi za usukani kulia huanziwa gurudumu la nyuma kushoto, ndilo la mbali na masta silinda. Kopo lisikauke katikati ya kazi, likikauka mnaanza upya. Na gari usiiendeshe, mfuate fundi aje hapo hapo.

Kasuku wa Tudor: Kumbe mguu mzima, kalipa ndizo zimefunga ndoa za mkeka.

Mwenye uzi: KULIA AMEFUNGA KUSHOTO! Na mimi ndiye mlaini! Mbele ya muuza kahawa!

Mpwani Halisi: Ulikuwa unafuata nini feri na breki mbovu? Barabara ya Dongo Kundu ipo, haina feri.

Mwenye uzi: Nizunguke mpaka Miritini kwenda Likoni? Petroli utanitilia wewe?

Bi Shamba: Dongo Kundu ni kwa anayekwenda Diani. Sisi wa Likoni tumeachiwa foleni. Jana tumeokwa pale juani, feri moja inazunguka, na wenye magari makubwa wanapitishwa pembeni.

Mguu Mzito: Foleni si kitu. Tatizo ni tuktuk. Zinajipenyeza ubavuni, zikikukwaruza dereva anakuamkia kwa adabu kisha anapotea.

Dereva wa Tuktuk: Tuktuk tena? Nyie mnaegesha katikati ya barabara pale Marikiti mkinunua biringani, sisi tupite angani?

Bi Shamba: Biringani zenyewe bei gani siku hizi, mmeona?

Spana 14: Mwenye kelele za feri na biringani afungue uzi wake.

Bi Shamba: Nishafungua. Njooni.