Tupeane uzoefu: watoto wenye ulemavu wa akili katika darasa la kawaida

Mwalimu wa darasa la tatu, Korogwe

Wazazi na walimu wenzangu, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, hivyo haki ya mtoto mwenye ulemavu wa akili kuandikishwa shuleni haina tena mjadala. Naomba tusimuliane yanayotokea baada ya mtoto huyo kukalishwa kwenye dawati, kwa sababu nimewaona wengi ambao kazi yao darasani ni kufuta ubao na kutumwa maji.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja hajui kuhesabu kupita tano, wakati wenzake wanajifunza kujumlisha kwa kubeba. Sikumtafutia somo jingine. Kundi lake lilitumia vijiti, naye akapewa kazi ya kuvifunga, kwanza matano matano, baadaye makumi makumi, na kila fungu wenzake walilihakiki pamoja naye kabla ya kulitumia katika hesabu zao. Leo anafunga kumi bila kusaidiwa na anajua kwamba mafungu mawili ni ishirini. Kubeba hajui, na kwa mwaka huu hilo si lengo lake; lengo lake limeandikwa katika mpango wake binafsi wa kujifunza, na ndilo ninalompimia.

Mzazi, Likoni

Asante sana, Mwalimu. Binti yangu ana hali ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza na kusema. Baada ya tathmini, shule ya kwanza ilitutaka tumpeleke shule maalumu. Ya pili ilimpokea. Kilichomfaa kuliko vyote ni subira ya mwalimu wake, ambaye humuuliza swali, kisha hunyamaza na kuwazuia wengine wasimjibie, kwa kuwa mtoto huyu huelewa mengi ila maneno humchelewa. Ratiba ya siku imebandikwa kwa picha karibu na dawati lake, na siku hizi hakimbilii mlangoni kila kengele inapolia. Nyumbani dada yake naye ameanza kumngoja, nasi tunasikia sentensi ambazo hatukuwahi kuzisikia.

Mwalimu mstaafu, Pemba

Naunga mkono elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu na wasio nao kusoma pamoja, kwa moyo wote, lakini tusiwafiche wazazi kwamba mwalimu aliye peke yake mbele ya wanafunzi themanini hawezi kuyafanya haya kila siku. Katika skuli niliyofundisha, mtoto ambaye bado hajaweza kujihudumia chooni alikaa asubuhi na mwalimu wa elimu maalumu, kisha akajiunga na wenzake katika hadithi, nyimbo na michezo, na muda huo tukauongeza kidogo kidogo. Kumtoa kwa muda si kumtenga, ilimradi tarehe ya kumrudisha ijulikane.

Mwalimu wa darasa la tatu, Korogwe

Shikamoo, Mwalimu. Hilo la tarehe nalichukua, maana kwetu kitengo cha elimu maalumu kimo ndani ya uzio huohuo wa shule, na bado watoto huingia humo wakabaki hadi umri wa shule unapowapita. Dada wa Likoni, picha za ratiba mlizichora wenyewe, na mlianza na shughuli zipi?