Mabaka kwenye mbao za cheri: nipateje rangi iliyolingana?

Mgeni wa Randa:
Ndugu mafundi, nimemaliza kuunda kabati dogo la mbao za cheri, na mwenye kazi anataka liwe na wekundu uliokolea wa samani za zamani. Nilipojaribu rangi ya mafuta kwenye kipande cha masalia, ubao ulitoka mabaka: mahali pamoja pamekolea karibu na kuwa peusi, na sentimita chache pembeni rangi haikushika. Msasa nilipiga hadi namba 220 na vumbi nikalifuta. Je, kasoro ni ya msasa, ya rangi au ya ubao wenyewe?

Msasa Laini:
Ni ubao wenyewe. Nyuzi za cheri hazilali upande mmoja, na pale zinapopinda na kuelekea juu, ubao hunywa rangi kuliko sehemu za jirani. Ndiyo maana rangi nyepesi ya mafuta, ambayo huzama, huyaonyesha mabaka waziwazi.

Ili kupunguza unywaji huo, yeyusha gramu 60 hadi 120 za shelaki isiyo na nta (utomvu mkavu wa kupaka mbao) katika lita 1 ya spiriti, paka tabaka moja jembamba, liache likauke, kisha pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi. Hapo tumia rangi ya jeli, kwa kuwa uzito wake huifanya ibaki juujuu. Shelaki ikizidi, rangi itateleza na kufutika yote, kwa hiyo pima kwanza kwenye masalia yaliyopigwa msasa sawasawa na kabati. Ncha za ubao zipige msasa hadi 320 au 400 kabla ya shelaki, kwani hunywa kupita kiasi.

Kabla ya yote, futa kabati zima kwa kitambaa chenye tapentaini. Kwa dakika chache utaona mahali mabaka yatakapotokea, na gundi iliyovuja kwenye viungo itabaki nyeupe.

Mbao Tupu:
Mimi nisingetia rangi yoyote. Cheri hukolea yenyewe kwa mwanga, na wekundu huo wa samani za zamani aghalabu ni kazi ya miaka, si ya kopo. Paka mafuta ya kitani na vanishi, kisha mweleze mwenye kazi asiweke kitambaa wala chombo mahali pamoja katika miezi ya mwanzo, maana kilichofunikwa hubaki cheupe na alama yake huonekana. Vitambaa vya mafuta hayo vianike vikiwa vimetandazwa nje. Vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Mgeni wa Randa:
Nawashukuru. Nimeelekea kulifuata wazo la kuacha rangi, ila mlango mmoja una mstari mweupe wa sehemu ya nje ya gogo. Huo nao utakolea?

Msasa Laini:
Hautaufikia ubao wa ndani, hata baada ya miaka. Mstari huo pekee utie rangi inayoyeyuka katika spiriti, kwa brashi ndogo, tabaka jembamba juu ya jingine. Lakini usiulinganishe na ubao ulivyo leo. Anika milango juani siku kadhaa, ukiigeuza ili pande zote zipate mwanga, ndipo uchanganye rangi. Vinginevyo ubao utaendelea kukolea na mstari utaachwa nyuma.