Naomba ushauri: huyu ndege chozi ni mchanga au anabadilisha manyoya?

Wakuu, habari za leo. Kuna chozi anakuja kwenye mishubiri ya hapa nyumbani, Arusha, na picha zake zinanivuruga kichwa. Mgongo ni wa kijivu kama wa jike, tumbo njano iliyofifia, ila kooni ana mstari mweusi uliokatikakatika, na begani vinyoya vichache vinang'aa buluu-kijani jua likimpiga.

Mimi naegemea kwa chozi wa aina ya Cinnyris venustus. Dume lake nje ya msimu wa kuzaliana hufanana na jike, huku likibakiza mng'ao begani na kiunoni. Shida ni kwamba dume changa linaloanza kuota manyoya ya ukubwani nalo huwa na mabakamabaka hayohayo. Kuna pia chozi wa aina nyingine, Chalcomitra amethystina, ambaye dume lake changa lina koo jeusi, lakini huyo ana michirizi tumboni. Wangu hana.

Nimeivuta picha hadi kwenye pembe za mdomo. Naona kaunjano kidogo, dalili ya uchanga, ila huenda ni chavua tu. Ndege mwenyewe anashinda kazamisha uso kwenye maua!

Mnaowafahamu, huwa mnaangalia nini kwanza: bawa, mkia au pembe za mdomo? Na nimpige picha kutoka upande gani ili manyoya mapya yaonekane tofauti na yaliyochakaa? Za mchana zote zinaungua kwa jua. Nina kamera ndogo tu, lenzi ya maana sina.