Safari ya shule Japani, wanafunzi 24: je, Agosti inafaa?

Mwalimu_Pwani
Wanajukwaa, hamjambo. Shule yetu iko Mombasa. Tunapanga kupeleka Japani wanafunzi 24 wa miaka 15 hadi 17 na walimu 3, kwa usiku 8. Shabaha ni utamaduni: hafla ya chai, kulala ryokan (nyumba ya wageni ya kienyeji) na kushinda siku moja katika shule ya huko. Wakala ametupangia Agosti, miji ya Tokyo, Osaka, Kyoto na Hiroshima, na pasi ya reli ya siku 7 kwa kila mtu. Zaidi ya nusu ya wanafunzi ni Waislamu. Tubadilishe nini?

Ratiba_Kwanza
Mwalimu, badilisha mwezi kabla hujalipa chochote. Shule nyingi za Japani hufungwa kuanzia kama tarehe 20 Julai hadi mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo mtapokewa na madarasa matupu. Katikati ya Agosti kuna Obon (sikukuu ya kuwakumbuka wahenga), watu wanarudi makwao na treni zinafurika. Joto la Kyoto nalo hupita nyuzi 35. Novemba inaangukia likizo yenu ndefu, huku wanafunzi wa Japani wakiwa darasani na majani ya momiji (miti ya mepo) yakigeuka mekundu. Ubaya wake ni msongamano Kyoto, kwa sababu shule za Kijapani nazo husafiri msimu huo. Wekeni vyumba miezi 8 hadi 10 kabla. Fushimi Inari, hekalu la Kishinto la huko Kyoto, haifungwi wala haina kiingilio. Fikeni saa 1 asubuhi, kabla makundi hayajashuka.

Mkiiandikia shule mwenyeji, ombeni kushiriki chakula cha mchana na usafi, msiishie kwenye maonyesho ya ukumbini. Katika shule nyingi wanafunzi wenyewe hufagia na kufuta sakafu, na hapo ndipo watoto wenu watakapoongea na wenzao bila kutegemea mkalimani. Kila mmoja abebe viatu laini vya ndani, maana vya nje huachwa mlangoni.

Reli_na_Mizigo
Hiyo pasi wala usiinunue. Tangu Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Kyoto hadi Tokyo kwa shinkansen (treni ya mwendo kasi) ni kama yen 14,000, na Kyoto–Hiroshima kwenda na kurudi ni kama 23,000. Jumla 37,000. Hata ukiongeza treni za mjini hufiki 50,000. Tafuteni tiketi ya kutua Osaka na kuondokea Tokyo, msilipie njia ile ile mara mbili. Osaka msilale, kaeni Kyoto usiku 5, Hiroshima mwende asubuhi mrudi jioni, kisha Tokyo usiku 3.

Mizigo ndiyo huvuruga makundi. Shinkansen husimama Kyoto dakika moja au mbili tu, na watu 27 wenye masanduku hawawezi kupanda kwa muda huo bila kuziba mlango. Tumieni takkyubin (huduma ya kusafirishiwa mizigo): sanduku linachukuliwa hotelini Kyoto leo, linafika hotelini Tokyo kesho. Kila mtu abaki na begi dogo la usiku mmoja.

Chai_na_Tatami
Hafla ya chai igaweni makundi mawili ya watu 13 au 14. Chumba kikijaa, walio nyuma hawaoni mkono wa mwandaaji, na mkono huo ndio somo lenyewe. Wavue pete na saa zisije zikakwaruza bakuli, wavae soksi safi. Kitamu huliwa chote kwanza, ndipo bakuli lizungushwe kidogo na chai inywewe. Kukaa kwa magoti kunatia ganzi baada ya dakika 10, basi mwambie mwenyeji mapema aruhusu kukunja miguu.

Ryokan: kwenye tatami (mikeka inayofunika sakafu) hata ndara haziingii, na ndara za chooni zibaki chooni. Yukata (vazi jepesi la pamba) hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti. Bafu la pamoja ni uchi mtupu, wavulana mbali na wasichana, na mwili huoshwa kwa sabuni kabla ya kuingia majini. Msimlazimishe mtoto yeyote. Kodini bafu la faragha, au muwapeleke kwenye maji moto ya miguu pale stesheni ya tramu ya Randen, mtaa wa Arashiyama, Kyoto.

Mwalimu_Pwani
Ahsanteni sana. Na chakula cha Waislamu? Na dawa za watoto?

Ratiba_Kwanza
Kusema "hatuli nguruwe" hakutoshi. Taja pia mirin na sake (pombe za kupikia), supu ya mifupa ya rameni (tambi), na jelatini kwenye vitamutamu. Orodha iandikwe kwa Kijapani na itumwe kwa kila mpishi, pamoja na shule mwenyeji, kwani chakula cha shule, pale kinapotolewa, huwa cha aina moja kwa wote. Mkiwa na nusu siku, msikiti wa Kobe wa mwaka 1935, wa kwanza Japani, hauko mbali na Osaka.

Dawa: zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia, na baadhi ya dawa za mafua tunazonunua dukani zinayo. Kagueni kila begi nyumbani. Soseji na nyama kavu pia ziachwe, zinakamatwa uwanja wa ndege.