Mtoto kapewa dawa ya minyoo, bado wamo. Kinga yake haifanyi kazi?

Mama_Wete: Asalaam aleikum. Mwanangu wa darasa la tatu alipewa dawa skuli na wenziwe. Juzi kapimwa choo, naambiwa minyoo mjeledi bado wamo. Nilisikia redioni mwili wenyewe hutoa kemikali zinazoufanya utumbo uwafukuze. Kemikali gani hizo, na mbona kwa wangu hazifui dafu?

Darubini_Chake: Waaleikum salaam dada. Mimi nashinda na darubini, na yai la mjeledi halinipotei: kama kipipa, kizibo huku na huku.

Hizo kemikali ni saitokini, ujumbe wa seli za kinga kwa seli za utumbo. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, na hujifanya upya kila siku 3 hadi 5: mpya huzaliwa chini, huwasukuma wazee juu, wakabanduka. Mjeledi huchomeka kichwa chake chembamba humo humo kwenye safu. Sasa saitokini iitwayo IL-13 ikishika kazi, ute huzidi na seli huzaliwa mbio mbio, naye husukumwa nazo mpaka nje. Ila kwa panya imeonekana kwamba ikitawala saitokini nyingine, intaferoni gama, kasi ile hushuka, mnyoo akakaa raha mustarehe. Si kwamba kinga ya mtoto imelala. Pengine imetuma ujumbe usiomfaa.

Kijana_Mkoani: Basi si apewe sindano ya hiyo IL-13 yaishe?

Darubini_Chake: Wee! IL-13 hiyo hiyo ndiyo inayochochea pumu. Na si hiyo tu: TNF, nayo saitokini, ikizidi pamoja na intaferoni, maungio ya seli hulegea, utumbo ukavuja. Wenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, hupewa dawa iitwayo infliksimabu *kuizuia* TNF. Marekani waliiruhusu 1998.

Dada, tatizo lako liko zaidi kwenye dawa. Dozi moja ya albendazoli chango humtoa vizuri, mjeledi humshinda mara nyingi. Rudi kituoni uwaulize habari ya dozi ya siku 3. Usijinunulie dukani.

Mama_Wete: Ahsante kaka. Na mdogo wake, anayeokota embe chini akala vivyo hivyo?

Darubini_Chake: Nenda naye. Choo kwenye kikopo kikavu, kisichanganyike na mkojo, na kifike asubuhi.